Maana ya risasi inayotanuka, na ya kuchagua kwa swala

Risasi inayotanuka ni ile ambayo kichwa chake hufunguka kinapoingia mwilini mwa mnyama. Kichwa chenye kipenyo cha milimita 7.8 huweza kufikia milimita 12 hadi 15. Upana huo ndio unaochana mapafu upesi, mnyama akaanguka karibu. Kichwa cha gamba gumu lisilofunguka hutoboa tundu jembamba na kupita. Swala hukimbilia mbali akiwa na jeraha, na fisi wakamfikia kabla yako. Hicho hakimfai swala kabisa.

Mwindaji mwenye leseni ya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) anayetoka Arusha kwenda Longido au Simanjiro aanze kwa kujiuliza mnyama wake ana uzito gani. Swala tomi ana kilo 20 hadi 30, swala granti dume hukaribia 80, pofu dume huweza kupita 600. Kwa swala granti au swala pala, ncha laini ya kawaida inatosha, yaani kiini cha madini ya risasi ndani ya gamba jembamba la shaba. Kwenye raifo ya .308, chukua kichwa cha greni 150 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi; hizo ni gramu 9.7). Kongoni na pofu wanataka kichwa kizito na kigumu zaidi: kwa raifo ya .30-06, greni 180 ambayo kiini chake kimeshikamanishwa na gamba visiachane.

Kinachofungua kichwa ni mwendo, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Ncha laini nyingi huhitaji kumfikia mnyama kwa mita 550 hivi kwa sekunde. Za shaba tupu, karibu 600. Greni 150 ya .308 hutoka mtutuni kwa takriban mita 860 kwa sekunde, hivyo kwenye mita 200 za mbuga bado inafunguka vizuri. Matatizo huja pia kwa ukaribu. Vichakani, chini ya mita 50, kichwa chepesi na laini kikigonga mfupa wa bega huweza kupasuka juu juu, kikaharibu nyama bila kufika mapafuni. Subiri mnyama ageuke ubavu, ulenge nyuma ya bega.

Shaba tupu haipasuki ovyo, nasi tunaipendelea kwa nyama ya kuliwa nyumbani. Ila shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kwa uzito uleule kichwa huwa kirefu, na mtutu ambao michirizi yake ya ndani, ile inayoizungusha risasi, inazunguka polepole hushindwa kukituliza. Shuka uzito: greni 150 badala ya 180.

Ukitumia kiini cha madini ya risasi, kata na kutupa nyama yote iliyovilia damu kuzunguka tundu, maana chembe zake huenea mbali kuliko jicho linavyoona. Matumbo yaliyopigwa yafukie, kwani tumbusi wakiyala hupata sumu.

Kila ukibadili aina au uzito wa risasi, piga tatu kwenye shabaha ya mita 100 na urekebishe darubini kabla ya kuingia kwenye kitalu cha uwindaji.