Proksi ni mshenga: isipomtaja aliyeituma, programu hupotea

Jumatatu moja asubuhi nilipigiwa simu na msimamizi wa mfumo wa matokeo wa chuo kimoja. "Kaka, hakuna anayeingia. Hata mimi nimefungiwa nje." Mfumo ulikuwa hai kabisa, ila ulimwambia kila mtu kwamba amekosea nenosiri mara tano, asubiri dakika 15. Nikauliza mlibadilisha nini mwisho wa wiki. Walikuwa wameweka Nginx mbele ya programu zao, iwe proksi, yaani ipokee maombi ya wageni na kuyapeleka kwa programu hizo.

Nilifungua logi ya programu, yaani kumbukumbu ya maombi yanayoingia. Kila mstari, anwani ya mgeni ilikuwa 127.0.0.1, yaani seva yenyewe. Na programu ilihesabu makosa kwa anwani: wanafunzi watano wakikosea nenosiri kila mmoja mara moja, chuo kizima kinafungiwa.

Uamuzi wa kuweka proksi ulikuwa sahihi. Seva ilikuwa na programu tatu, kila moja kwenye poti yake (mlango wenye namba), na anwani moja tu ya intaneti. Nginx inasikiliza poti 80 na 443, inashika cheti cha HTTPS kwa niaba ya zote, inatazama mgeni ameulizia jina gani, kisha inapeleka ombi panapohusika.

Wengi huifananisha na bawabu. Mimi naona ni mshenga. Bawabu anakuonyesha chumba, unaingia mwenyewe. Mshenga anakuacha nyumbani, anabeba maneno yako, anarudi na jibu. Wazee wa upande wa pili wanamwona yeye tu. Asipomtaja aliyemtuma, watadhani anajiposea mwenyewe. Kwa hiyo proksi lazima ifundishwe kumtaja kwa heda, yaani maelezo yanayoambatana na ombi:

```
location / {
    proxy_pass http://127.0.0.1:3000;
    proxy_set_header Host $host;
    proxy_set_header X-Real-IP $remote_addr;
    proxy_set_header X-Forwarded-For $proxy_add_x_forwarded_for;
    proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;
}
```

Pale chuoni palikuwa na mstari wa `proxy_pass` peke yake. Bila heda ya `Host`, Nginx huipa programu jina lililo kwenye `proxy_pass`, na barua pepe ya kubadilisha nenosiri inaweza kumfikia mwanafunzi ikiwa na kiungo cha 127.0.0.1:3000. Bila `X-Forwarded-Proto`, programu inayolazimisha HTTPS huona ombi limekuja kwa HTTP, inamrudisha mgeni aje kwa HTTPS, anakuja tena, inamrudisha tena, mpaka kivinjari kinakata tamaa.

Sasa hapa naomba utulie kidogo. Heda ya `X-Forwarded-For` mtu yeyote anaweza kuiandika mwenyewe kabla ombi halijafika kwako, na Nginx kwa mpangilio huu huongeza anwani halisi mwishoni mwa orodha bila kufuta kilichotangulia. Programu ikisoma anwani ya kwanza, imesoma uongo wa mgeni. Programu ya matokeo ilikuwa ya Express (fremu ya kuundia programu za wavuti kwa JavaScript), nikaandika `app.set('trust proxy', 'loopback')`, iiamini heda hiyo inapoletwa na proksi ya humo humo ndani tu. Ukiweka `true`, Express huchukua anwani ya kwanza kushoto, na mwenye nia mbaya atabadilisha anwani kila anapojaribu nenosiri.

Programu yenyewe isikilize 127.0.0.1, isisikilize 0.0.0.0 (yaani anwani zote za seva), la sivyo mtu atazunguka proksi na kuingia moja kwa moja kwenye poti 3000. Mnaoendesha programu ndani ya kontena za Docker mjihadhari zaidi: `-p 3000:3000` hufungua poti kwa dunia nzima, na ufw, ukuta wa moto wa Linux, haiizuii kwa sababu Docker huandika kanuni zake yenyewe. Andika `-p 127.0.0.1:3000:3000`.

Mengine ni mepesi. Faili likikataliwa kwa kosa la 413 (ni kubwa mno), ongeza `client_max_body_size`, maana kiwango cha kawaida ni MB 1. Ripoti nzito ikikatika na kosa la 504 (jibu limechelewa), tazama `proxy_read_timeout`, ambayo ni sekunde 60. Na usiwahi kupakia upya mpangilio kabla ya `nginx -t`, amri inayoukagua kama una makosa.

Tulipopakia upya, niliikodolea macho logi: anwani za kweli zikaanza kushuka, moja baada ya nyingine. Ila nyingi zilifanana, kwa kuwa wanafunzi walioko kwenye Wi-Fi ya chuo wote hutoka kwa anwani moja. Mchana huohuo tukabadilisha hesabu ya makosa, ifuate namba ya usajili ya mwanafunzi pamoja na anwani yake.