Triangulesheni ni nini? Tumwangalie Filipe Folque, mpima ramani wa Ureno

Triangulesheni ni njia ya kujua umbali wa sehemu ambazo hujazipima kwa mkono, kwa kutumia pembetatu. Unapima mstari mmoja tu ardhini, unaupima vizuri kabisa, huo ndo mstari wa msingi, halafu kazi yote inayobaki ni kusoma pembe na kupiga hesabu.

Tuseme una vilima viwili, A na B, kati yao kuna km 10 na umeshazipima. Kilima cha tatu, C, kiko ng'ambo ya mto, mnyororo wa kupimia haufiki. Unapanda A na theodolaiti, kile kifaa chenye darubini cha kusomea pembe, unalenga B halafu unalenga C, unapata nyuzi 60. Unahamia B, unafanya vilevile, unapata 70. Pembe za pembetatu zinajumlika kuwa 180 kwa hiyo ya C itakuwa 50, na hapo trigonometria ileile ya sekondari inakupa A mpaka C kama km 12.27, na mguu wako haujakanyaga huko! Sasa mstari wa A na C nao unageuka msingi wa pembetatu nyingine, hiyo inazaa nyingine, mpaka nchi nzima imefunikwa kama wavu. Savea makini bado atapanda C aisome ile pembe ya tatu hata kama hesabu imeshampa, maana jumla ikigoma anajua kuna kosa mahali. Na pembetatu zikiwa kubwa sana jumla inazidi 180 kidogo kwa sababu dunia ni duara, hiyo nayo inaingizwa kwenye hesabu.

Kwa nini wahangaike na pembe na sio umbali? Kwa sababu enzi hizo kupima umbali mrefu kwa usahihi ilikuwa mateso, unalaza fimbo za kupimia moja baada ya nyingine, jua likiwaka chuma kinarefuka, mbele kuna bonde, kuna mto, kuna shamba la mtu. Pembe unaisoma umesimama sehemu moja, ili mradi unaiona alama ya kule mbele.

Sasa Folque. Alizaliwa Portalegre mwaka 1800 na akasomea hisabati Coimbra. Kazi ya kuipima Ureno kwa njia hii ilikuwa imeanza hata kabla yeye hajazaliwa, chini ya Francisco António Ciera, na baba yake mwenyewe, Pedro Folque, alikuwa mmoja wa maofisa wa jeshi walioifanya. Ikakwama. Mwaka 1807 jeshi la Napoleon likaingia, familia ya kifalme ikakimbilia Brazil, baadaye tena vita ya wenyewe kwa wenyewe 1832 mpaka 1834, nani atapanda mlima na theodolaiti hapo? Miaka ya 1830 ndo ikafufuliwa, mzee Pedro akiwa juu na mwanae akiwa pamoja naye, halafu Filipe akaja kuiongoza mwenyewe huku anafundisha astronomia na jiodesia, yaani elimu ya kupima umbo na ukubwa wa dunia, pale Lisbon, na hata watoto wa malkia, Pedro na Luís ambao baadaye wote walikuwa wafalme, walifundishwa hisabati na yeye.

Matunda yake ni ramani kuu ya Ureno kwa skeli ya 1:100,000, yaani sentimita moja kwenye karatasi ni kilomita moja ardhini, karatasi 37 kwa jumla. Longitudo, yaani kipimo cha sehemu iko mashariki au magharibi kiasi gani, zilihesabiwa kuanzia ngome ya São Jorge pale Lisbon, maana makubaliano ya nchi kuhesabu kuanzia Greenwich, Uingereza, yalikuja 1884. Folque alifariki 1874 na karatasi za mwisho zilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1900, kwa hiyo hakuiona imekamilika. Mimi namheshimu sana kwa hilo, wanaosifiwa siku zote ni wavumbuzi waliovuka mabara na wengi wao ramani zao zilijaa makisio, yeye alikaa na kazi moja maisha yake yote ili kila kijiji kikae mahali pake. Pia kuna ramani yake ya jiji la Lisbon ya 1856 mpaka 1858, skeli 1:1000, karatasi 65, ambayo wanaochunguza jinsi jiji lilivyokuwa zamani wanaitumia hadi leo.

Nguzo za alama bado ziko kwenye vilele vya Ureno, na hata Kenya, Uganda na Tanzania ziko za namna hiyo, ziliachwa na wapimaji wa enzi za ukoloni.

Kitu kimoja watu wanachanganya, wanasema GPS ya simu inafanya triangulesheni. Hapana. Simu haisomi pembe hata moja, inapima muda ambao mawimbi yametumia kutoka kwenye satelaiti, inaugeuza kuwa umbali, na inahitaji satelaiti angalau nne ili ijue ilipo. Folque alikuwa na umbali mmoja na pembe nyingi, simu ina umbali mwingi bila pembe.