Gunia Mgongoni si Mazoezi: Mwili na Tabaka Mjini Bukavu

OMS, yaani Shirika la Afya Duniani, inapendekeza kwamba mtu mzima apate, kila juma, dakika 150 hadi 300 za shughuli ya mwili ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za shughuli nzito. Takwimu ilizotoa mwaka 2024 zinaonyesha kwamba mwaka 2022 asilimia 31 ya watu wazima duniani hawakufikia kiwango hicho: wanawake asilimia 34, wanaume asilimia 29. Nikiwa mtu wa afya ya jamii hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kinachonishughulisha zaidi ni kujua nani anatumia mwili wake kwa hiari na nani anautumia kwa sababu hana njia nyingine ya kupata chakula.

Dodoso la GPAQ, la kupima shughuli za mwili, linalotumika katika nchi nyingi, lina maswali 16 kuhusu kazi, safari za kila siku na burudani. Dakika za shughuli nzito huzidishwa kwa 8, za wastani kwa 4, na anayefikisha jumla ya 600 kwa juma huhesabiwa kuwa ametimiza kiwango. Tuseme mama anapandisha magunia ya makala (makaa) kutoka ufukweni mwa Ziwa Kivu hadi mtaa wa Kadutu, mgongo umeinama, ukanda umembana kwenye paji la uso, saa 5 kwa siku, siku 6 kwa juma: anapata 14,400. Karani wa mtaa wa Ibanda anayekimbia dakika 40 mara mbili kwa juma anapata 640. Kwa hesabu hiyo mama amemwacha mbali sana karani, ila sijasikia karani yeyote akimwonea wivu.

Karani akishakimbia hupumzika, na moyo wake hurudi katika mapigo ya kawaida. Mama hapangi mwendo wala mapumziko. Shinikizo la damu hubaki juu kwa saa nyingi, kiuno na shingo hulemewa, na jioni bado kuna maji ya kuchota. Mtafiti Andreas Holtermann wa Denmark na wenzake wameandika kwamba shughuli ya kazini haina faida kwa moyo kama ile ya wakati wa mapumziko, na huenda hata ikadhuru. Si tafiti zote zinazokubaliana na hilo, kwa kuwa wanaobeba mizigo mara nyingi pia ni maskini, hawali vizuri na huchelewa kutibiwa. Kwangu mimi, umaskini huo wenyewe ni sehemu ya jibu.

Mazoezi ya burudani nayo yana bei yake: muda, usalama alfajiri, njia isiyojaa pikipiki, na kwa mwanamke, kukubaliwa na watu wa nyumbani.

Kwa hiyo mbebaji akija na maumivu ya mgongo, simpi karatasi ya mazoezi. Namuuliza gunia lina kilo ngapi, nani anamtwika, na kama wenzake wanaweza kukubaliana na wenye mizigo juu ya uzito wa mwisho na mahali pa kupumzikia katikati ya mteremko.