Morven: kazi iko chini, si kileleni

Morven una mita 706 tu. Ndio mlima mrefu kuliko yote Caithness, kaskazini kabisa mwa Uskoti bara, ila wapandaji wanaokusanya vilele vya zaidi ya futi 3,000 (mita 914 hivi) hawana haja nao. Ninapoongoza watu huko, mara nyingi tunaona kulungu wengi kuliko binadamu.

Wageni huogopa kile kilele cha mawe, chenye umbo la pia, kinachochomoza mbele yao. Mimi naogopa tambarare iliyokizunguka.

Kutoka Braemore, tunapoanzia, kuna njia ya kokoto mpaka nyumba ya Corrichoich, kando ya mto Berriedale. Ukishaipita, umeingia kwenye mboji: mabaki ya mimea yaliyolundikana bila kuoza vizuri, kwa kuwa maji yamezuia hewa. Hujijenga kama milimita moja kwa mwaka. Fimbo yangu ikizama mita moja, nimechokoa miaka elfu moja hivi, na bado sijagusa chini!

Hapo usitazame kilele, tazama rangi. Ukiona kuvumwani wa kijani kibichi au mwekundu, laini kama godoro, ujue umelala juu ya maji; zunguka. Vishada vyeupe kama pamba navyo ni dalili ya majimaji. Vichaka vifupi vigumu vyenye maua ya zambarau hukwaruza miguu, lakini hupenda penye ukavu kidogo, basi navifuata hata vikinipeleka kombokombo. Vijia vya kulungu ni vizuri pia, ingawa kulungu hakuahidi kukufikisha unakokwenda.

Mpanda milima Mskoti William Naismith alitoa kanuni yake ya kukadiria muda wa safari mwaka 1892: saa moja kwa kila maili tatu, kisha saa moja zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda. Kwenye kokoto inanitosha. Kwenye mboji naongeza karibu nusu ya muda, na kikundi kikiwa na mtu wa viatu vyepesi, naongeza tena bila kumwambia.

Kilele chenyewe ni mwinuko mkali na mawe yanayoteleza. Unapanda polepole, basi.

Ukungu ukishuka, tambarare ile haina mti wala ukuta wa kukuelekeza. Tukishakanyaga chini salama, naweka dira kaskazini hadi nisikie Berriedale, kisha tunaufuata mto unakoteremkia, mashariki, mpaka paa la Corrichoich litokeze.