Pampu Inasingiziwa: Dhana Potofu Kuhusu Pikapu Kuukuu ya Dizeli

"Hii pampu imekufa, bosi." Kila mwenye Hilux ya dizeli ya zamani ameshaambiwa hivyo gerejini. Mimi niliambiwa Makambako, nyuma nikiwa na viazi vya Njombe na mwenye mzigo anapiga simu kila robo saa. Pikapu ilikuwa inawaka kwa shida asubuhi, ikishatembea nusu saa inaanza kukosa nguvu, mlimani inazima. Pampu, ile inayosukuma dizeli kwenye injini, ikashushwa, ikapelekwa kwa fundi pampu, ikarudi inang'aa pamoja na bili yake. Siku ya tatu ugonjwa ukarudi vilevile. Kilichokuja kuonekana ni mpira wa dizeli, urefu wa kiganja tu, umepasuka chini ya klipu mahali jicho halifiki.

Tangu siku hiyo nimekuwa mbishi, na ubishi huo ndio ninaouandika hapa. Ninazungumzia Hilux zenye injini ya 2L (cc 2,446) au 3L (cc 2,779), zile ambazo hazina kompyuta ya kusimamia mafuta. Mwenye Hiace ya zamani naye asome, maana injini hizo zimefungwa huko pia.

"Kama ingekuwa inavuja, ungeona dizeli chini"

Dhana hii imekula hela za watu wengi kuliko nyingine zote. Kati ya tanki na pampu, dizeli haisukumwi, inavutwa. Tanki liko chini, pampu iko juu, na ndani ya pampu kuna kipampu kidogo kinachonyonya mafuta kupitia filta. Kwenye njia inayonyonya, tundu dogo halitoi dizeli nje, linaingiza hewa ndani. Kwa hiyo mpira unaweza kuwa mkavu kabisa kwa nje na bado ndio mchawi. Gari likilala, hewa inapenya taratibu, dizeli inarudi tankini, na asubuhi unapiga stata mpaka betri inachoka. Hapo mtu mwingine anatokea na kukuambia betri ni mbovu.

Kupima ni rahisi. Juu ya filta kuna kitufe cha kupampu kwa mkono. Kibonyeze asubuhi kabla hujawasha. Kikiwa laini, kinazama bila ukinzani, njia ina upepo. Ukipampu mpaka kikaze, kisha gari likawaka mara moja, umeshajua unachotafuta: mipira, klipu, ringi za filta, na hicho kitufe chenyewe, kwa sababu mpira wake wa ndani huchoka na kuingiza hewa. Wengi hubadilisha filta na kuacha kichwa chake kilekile chenye ugonjwa.

Kipimo cha pili nakipenda zaidi. Chukua kidumu cha lita tano chenye dizeli safi, kining'inize juu kuliko pampu kwa kamba kwenye boneti iliyofunguliwa, mbali na manifoldi ya moto, kisha uingize mpira wake moja kwa moja kwenye pampu. Toa upepo, washa. Gari likinguruma vizuri na kushika resi, pampu yako ni nzima na ugonjwa uko nyuma: filta, bomba au tanki. Ukiweka kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, utaona hata mapovu yakipita. Fundi asiyetaka kufanya kipimo hiki kabla ya kushusha pampu, mimi huwa namwomba anirudishie ufunguo.

Usisahau mfuniko wa tanki. Tundu lake la kupumulia likiziba kwa vumbi, tanki linajinyonga polepole: gari linakwenda vizuri, halafu linakosa nguvu, ukisimama kidogo linapona. Likikufanyia hivyo, fungua mfuniko hapohapo. Ukisikia "fyuuu" ndefu, umeshapata jibu bila kulipa mtu.

"Mafuta ya taa kidogo yanasafisha nozeli"

Hayasafishi nozeli, vile vinyunyizio vya dizeli kwenye silinda. Pampu ya injini hizi haina oili yake. Vyuma vyake vyote vinalainishwa na dizeli inayopita ndani, na mafuta ya taa ni membamba, hayalainishi vya kutosha. Anayeyachanganya kwa makusudi anasaga pampu yake mwenyewe, na hapo kweli siku moja itakufa. Uchakachuaji ulikuwa mkubwa kiasi kwamba EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba, yaani alama ya siri ya kutambua mafuta halali, lakini kinasaba hakimzuii mtu kumimina mafuta ya taa mwenyewe kwenye tanki lake.

"Taa ya hita imezima, kwa hiyo hita plagi ni nzima"

Ile taa ya njano yenye alama ya koili haijui chochote kuhusu hali ya hita plagi zako, vile vijiti vya kupasha moto silinda kabla injini haijawaka. Inaendeshwa na taima inayoangalia joto la maji. Hita plagi zote nne zinaweza kuwa zimeungua na taa bado ikawaka na kuzima kwa adabu yake ya kila siku. Dar es Salaam unaweza usigundue kwa miezi, gari linawaka kwa kubembelezwa. Lipeleke Njombe mwezi wa Julai ndipo utajua.

Angalia ekzosi wakati mwenzako anapiga stata. Moshi mweupe ukitoka na injini haishiki, dizeli inafika kwenye silinda ila haiwaki, kwa hiyo anza na hita plagi, halafu ndiyo uwaze kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Moshi usipotoka kabisa, dizeli haifiki, na hita plagi hazina kosa. Kipimo hiki hakihitaji hata spana, na sijui kwa nini hakifanywi.

Kuzipima zenyewe, fungua kile kipande cha bati kinachoziunganisha, kisha uguse kichwa cha kila moja kwa testa, kile kitaa cha kupimia umeme, iliyoshikizwa kwenye chanya ya betri. Inayowasha testa haijakatika, isiyowasha imeungua. Mbili zikiwa zimekufa, gari litawaka likitetemeka, likikohoa moshi mweupe, halafu litatulia lenyewe baada ya muda. Mtu akiona hivyo, anasema nozeli.

Halafu kuna ile swichi ya kubonyeza kama kengele ya mlango, ambayo mafundi huifunga taima ikifa. Sina ugomvi nayo, ila soma kwanza namba iliyoandikwa kwenye hita plagi. Baadhi ya Toyota zilitoka na hita plagi za volti 6, ambazo mfumo wake unazipunguzia umeme. Ukizipa volti 12 moja kwa moja na kidole kikang'ang'ania swichi, unazichoma zote asubuhi moja.

"Dizeli haina mambo ya umeme"

Ni nusu ya kweli. Haina plagi za cheche wala koili, lakini juu ya pampu kuna solenoidi ndogo yenye waya mmoja, inayofungua mafuta ukiwasha swichi na kuyafunga ukizima. Waya huo ukikatika, ukilegea au fyuzi yake ikiungua, stata itazunguka mpaka kesho. Mwambie mtu awashe swichi bila kupiga stata, wewe weka sikio karibu na pampu. Lazima usikie "tik". Kukiwa kimya, pima umeme kwenye huo waya. Ukikosekana, unaweza kuvuta waya wa muda kutoka chanya ya betri ukafika nyumbani, ila kumbuka ufunguo hautazima injini tena. Utazima kwa kuchomoa waya.

"Stata inasema tak, nunua betri"

Washa taa kubwa kwanza, halafu piga stata huku ukiziangalia. Zikififia hadi kuwa kama mshumaa, umeme hautoshi: betri, vichwa vyake, au waya. Zikibaki kali na stata inasema "tak" tu, betri haina kosa. Kwenye stata za Toyota hizi kuna vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi vinavyolika taratibu. Vinabadilishwa vyenyewe, bila kununua stata nzima.

Hata taa zikififia, usikimbilie duka la betri. Betri iliyojaa na kutulia husoma kama volti 12.6. Ikisoma hivyo lakini stata inavuta kivivu, shuku waya wa ethi, ule unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye injini na bodi. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi yenyewe, si kwenye kibano chake, na nyingine kwenye chuma kisafi cha injini. Mtu apige stata. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea kwenye huo waya au kwenye kutu ya bolti yake. Kusugua kwa msasa na kukaza kumeshaniokolea betri moja. Taa za nyuma zinazocheza, indiketa ikiwasha taa ya breki, mara nyingi ni ethi pia, ya bodi.

Fyuzi inayoungua kila siku isiwekewe kubwa zaidi wala karatasi ya sigara. Fyuzi huchaguliwa kulingana na unene wa waya. Ukiiongeza, kitakachoungua safari ijayo ni waya, nyuma ya dashibodi.

"Chomoa betri, gari likiendelea kunguruma alteneta inachaji"

Kwenye dizeli kipimo hiki hakina hata maana, kwa sababu injini ikishawaka inahitaji umeme kidogo tu wa ile solenoidi ya pampu. Kibaya zaidi, ukichomoa betri injini ikizunguka, volti zinaruka ghafla na kuua dayodi au regyuleta ya alteneta iliyokuwa nzima. Tumia mita: injini ikiwaka, kwenye betri usome kati ya 13.8 na 14.5.

Na ikibidi kubadilisha alteneta, geuza ile ya zamani uangalie mgongo wake kabla hujalipa. Kwenye injini hizi za L, nyuma ya alteneta kuna pampu ya vakyumu inayosaidia breki, na alteneta nyingi za magari mengine zinazoonekana kufanana nayo hazina. Nimeiona pikapu ikitoka gerejini inachaji volti 14 safi, dereva anafurahi, anafika kwenye geti anakanyaga breki, imekuwa ngumu kama jiwe.