Je, wajua kwa nini mkurugenzi wa shirika hana kura kwenye bodi yake?

Ukipitia katiba za mashirika yasiyo ya kiserikali ya Mwanza, mara nyingi utakutana na kifungu hiki: Mkurugenzi Mtendaji atakuwa katibu wa bodi, atahudhuria vikao vyote, ila hatapiga kura. Mtu huyo ndiye anayeijua miradi kuliko wote waliokaa mezani. Maombi ya fedha ameyaandika yeye, na pengine shirika lenyewe kalianzisha yeye. Kwa nini basi kura wapewe mwalimu mstaafu, mhasibu wa mjini na mama anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba, watu wanaokutana mara nne kwa mwaka bila mshahara?

Kampuni ya biashara ina wenye hisa. Hesabu zikiharibika, wao ndio wa kwanza kupiga kelele kwa kuwa fedha ni yao. Shirika la maendeleo halina mtu wa namna hiyo. Aliyetoa fedha yuko Chicago au London, aliyekusudiwa kisima yuko kisiwani Ukara, na hakuna kati yao anayefungua leja. Bodi imewekwa hapo katikati kwa niaba yao wote wawili. Kazi zake kubwa ni kuajiri mkurugenzi, kupanga mshahara wake, kupitisha bajeti yake na kupokea taarifa ya mkaguzi wa hesabu juu ya kazi yake. Zote zinamgusa yeye mwenyewe. Akipiga kura, anajipima kwa mizani yake.

Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002 inaanza na watu walio nyuma ya shirika: anayeomba usajili hupeleka kwa Msajili katiba, muhtasari wenye majina na saini za waanzilishi, na taarifa binafsi za viongozi. Kanuni za mwaka 2018 zikaongeza kwamba mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu usainiwe. Bodi inayokutana kila baada ya miezi mitatu haiwezi kwenda na mwendo huo. Ndiyo maana inafaa kuwa na kamati ndogo ya fedha, watu watatu hivi, wanaoweza kuitana ndani ya siku mbili.

Mahali ambapo bodi nyingi hupotea ni ukurasa wa taarifa ya fedha. Chukua mfano. Mkurugenzi anasoma kwamba salio benki ni shilingi 96,000,000, wajumbe wanapiga makofi na kusonga mbele. Mjumbe makini atauliza swali moja: kati ya hizo, zipi hazina mwenyewe? Mfadhili wa visima ameweka 81,000,000 kwa ajili ya visima tu. Mfadhili wa mafunzo ya ukaushaji dagaa ameweka 11,500,000. Zinabaki 3,500,000. Mishahara isiyobebwa na mradi wowote ni 2,800,000 kwa mwezi, na kodi ya ofisi 900,000. Jumla ni 3,700,000. Shirika lenye milioni 96 benki haliwezi kumaliza mwezi kwa fedha yake lenyewe. Limepungukiwa laki mbili.

Kinachofuata kinajulikana. Mhasibu anaambiwa "azime kidogo" kwenye fedha za visima, zitarudishwa ruzuku nyingine ikiingia. Ruzuku inachelewa, mchimbaji anadai malipo, mkaguzi anafika, na mfadhili anataka fedha zake zirudi zote. Hakuna aliyeiba hata senti, lakini shirika linafungwa. Kinga yake ni ndogo: taarifa ya kila robo mwaka itenganishe fedha zenye masharti na zisizo na masharti, na kila mstari wa bajeti uwe na safu tatu, yaani bajeti, matumizi halisi na tofauti. Tofauti ikizidi asilimia 10, sababu iandikwe pembeni. Na mstari ambao haukutumika kabisa uulizwe vilevile, maana huenda kazi haijafanyika.

Maswali hayo hayawezekani iwapo makabrasha yanagawiwa mezani kikao kikianza. Yatumwe siku 10 kabla, hata kwa WhatsApp. Muhtasari nao uandikwe mara kikao kinapokwisha, wenye jina la kila aliyehudhuria, akidi, uamuzi, na nani atatekeleza lini. Muhtasari unaotungwa mwisho wa mwaka kwa sababu mkaguzi ameomba hujulikana haraka: vikao vinne vina maneno yale yale, na chini ya "yatokanayo" hakuna kitu.

Idadi ya wajumbe watano hadi tisa inatosha, tena witiri ili kura zisigongane. Lakini kuwa wengi si dawa kama ni mke, shemeji na rafiki wa mwanzilishi. Hiyo ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Mashirika mengi mazuri ya kanda hii yalianza hivyo, kwa sababu mwanzoni ndugu ndio waliokubali kujitolea. Kosa ni kubaki hivyo mwaka wa kumi. Vipindi viwili vya miaka mitatu vinatosha, na wajumbe watoke kwa zamu, theluthi moja kila mwaka, kumbukumbu isiondoke yote kwa siku moja. Mjumbe ambaye kaka yake anauza pampu na kuna zabuni ya pampu, aseme, atoke nje ya chumba, na muhtasari uandike alipotoka na aliporudi.

Mashirika yenye mashirika dada ng'ambo hubanwa na bodi ya huko pia. Marekani, shirika la hisani lenye mapato ya dola 200,000 au zaidi kwa mwaka hujaza Fomu 990 ya mamlaka ya kodi, na yeyote anaweza kuisoma. Inauliza wajumbe wenye kura ni wangapi, wangapi ni huru, kama wapo wenye undugu au biashara pamoja, na kama mihtasari huandikwa. Uingereza, wadhamini wengi wa mashirika ya hisani hufanya kazi hiyo bila malipo. Kwa hiyo barua inapofika Mwanza ikiomba orodha ya wajumbe na undugu wao, si dharau. Wenzao wameulizwa hayo hayo.

Angalau mara moja kwa mwaka, wajumbe wawili wapande meli kwenda Nansio, Ukerewe, wakaone wenyewe, bila mkurugenzi kuwachagulia kijiji. Taarifa ikisema visima 12, waulize vingapi vimetoa maji asubuhi hiyo. Wapige mkono wa pampu: maji yakichelewa sana kutoka, huenda mipira ya ndani imechakaa. Waulize spea hununuliwa kwa fedha ipi na daftari la michango lipo kwa nani. Wakae na akina mama wanaochota, si na mwenyekiti wa kijiji peke yake. Posho iishie kwenye nauli, chakula na malazi. Ikizidi hapo, ujumbe wa bodi unaanza kutafutwa kwa ajili ya bahasha.

Jambo la mwisho ni watia saini benki. Wawe wanne katika makundi mawili, A kutoka bodi na B kutoka ofisini, na kila malipo yahitaji mmoja wa kila kundi. Kubadilisha jina benki huhitaji azimio la bodi lenye saini, kwa hiyo mjumbe akihamia Dodoma au akifariki, azimio liandikwe kikao hicho hicho. Likisubiri, mishahara ya watu wote nayo inasubiri.