Neema, zawadi na "mbegu": Paulo aliandika nini hasa?

Dhana iliyoenea sana kuhusu neema, yaani fadhila ambayo Mungu humpa mtu bure, ni kwamba kwa kuwa hailipiwi, haimdai mpokeaji chochote. Wasomaji wa kwanza wa Paulo wangeshangaa. Katika miji kama Korintho na Filipi zawadi ilifunga watu pamoja, na aliyepokea alitazamiwa kushukuru na kurudisha fadhila. Seneca, mwanafalsafa wa Rumi wa zama hizohizo, aliandika vitabu 7 kuhusu fadhila, na humo anamshauri mtoaji achague kwa makini nani wa kumpa.

Paulo anatofautiana naye hapo kwenye kuchagua. Warumi 5 inasema Kristo alikufa kwa ajili ya watu wangali wenye dhambi. Zawadi haikungoja wastahili. Ila ikishapokewa, inamtuma mtu kazi. Sura ya 12 ya waraka huohuo inawasihi waumini waitoe miili yao iwe dhabihu iliyo hai. Na katika 1 Wakorintho 15:10 Paulo anasema neema aliyopewa haikupotea bure, kwani alifanya kazi kuliko mitume wote, kisha anaongeza papo hapo kwamba aliyetenda ni neema ya Mungu iliyo pamoja naye.

Wengine hudhani Wayahudi walijua sheria tu, neema ikaja na Ukristo. Si kweli. Nyimbo za shukrani za Kiyahudi zilizopatikana katika mapango ya Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, zinamwonyesha mwanadamu kuwa udongo mtupu anayeishi kwa rehema za Mungu.

Dhana inayoniuma zaidi ni ile ya "kupanda mbegu". "Apandaye haba atavuna haba" husomwa madhabahuni kana kwamba anayempa mtumishi wa Mungu sadaka nono ataletewa gari au nyumba. Someni 2 Wakorintho sura ya 8 na ya 9 zote mbili. Mchango unaozungumziwa humo ulikuwa wa kuwasaidia waumini maskini wa Yerusalemu. Paulo mwenyewe alikataa kutunzwa na Wakorintho, ingawa alisema ana haki hiyo, na fedha za mchango zilisindikizwa na ndugu aliyechaguliwa na makanisa ili asije mtu akamlaumu. Anawasifu Wamakedonia waliotoa wakiwa fukara, lakini Wakorintho anawaambia ziada yao ifidie upungufu wa wenzao, na siku nyingine iwe kinyume chake, ili mambo yawe sawa. Mavuno anayoyataja ni uwezo wa kuzidi kutoa, na shukrani nyingi kwa Mungu.

Kiwango hakikutajwa. Kila mtu atoe alivyokusudia moyoni, "si kwa huzuni, wala kwa lazima" (9:7). Anayemhimiza mjane akope ili apande mbegu amelivunja agizo hilo waziwazi, hata kama Biblia iko wazi mkononi mwake.